Maji Yakisaga, Mikono Itafanya Nini?

Tangu aolewe, Kokuberwa alisaga ulezi kwa mikono. Kila siku alipiga magoti mbele ya jiwe la kusagia mpaka mgongo ukauma.

Kisha watu wa kilima chao, jirani na Rubya, walijichimbia mfereji. Waligeuza maji ya kijito, wakatengeneza gurudumu la kusaga. Loo, walijivuna! Kikapu cha ulezi kilisagwa kabla ya watu kumaliza kuamkiana.

Mama mkwe wake, Alistidia, hakufurahi.

"Maji yakisaga, mikono itafanya nini?" aliuliza. "Mtakuwa wavivu!"

Kokuberwa hakubishana naye. Kwa muda aliookoa, alijiandikisha darasa la watu wazima la kusoma na kuandika. Lilikuwa kila Alhamisi alasiri. Mwalimu alisema wazi: atakayekosa mara tatu, jina lake litafutwa.

Mvua kubwa zikanyesha. Gurudumu likasimama. Kokuberwa akarudi kwenye jiwe, akakosa Alhamisi mbili.

"Jiwe langu halisimami," alicheka Alistidia.

Kokuberwa alilia kwa uchungu. Alikuwa amefika herufi ya M tu!

Jumatano, kesho yake ikiwa Alhamisi ya tatu, Fundi Muhidini alifika kutoka Bukoba mjini. Watu walimzunguka.

"Gurudumu limekufa, waitu, ndugu yetu?" aliuliza Josia, mume wa Kokuberwa.

"Koleo kuvunjika si mwisho wa uhunzi," alijibu fundi. Aliingiza mikono mferejini, akatoa rundo la majani makavu na magome ya migomba. "Haya ya nani?"

Watu walitazamana. Kila mtu alijua kibanja cha migomba kilicho juu ya mfereji. Kilikuwa cha Josia, kibanja safi kuliko vyote. Ardhi yake ilifunikwa majani vizuri, mpaka ukingoni mwa maji.

Kokuberwa aliona aibu. Aliyatandaza yeye mwenyewe, akasifiwa.

"Ni yangu, fundi," alisema.

"Hongera, mama. Kufunika ardhi ni kilimo bora. Lakini mvua imeyasomba. Maji yana nguvu yakishuka kwa wingi. Mfereji ukiziba, nguvu inapotea. Acheni hatua nne kando ya mfereji, nyasi zimee. Mdomoni mwa mfereji wekeni chujio la fito. Lisafisheni kila asubuhi, kwa zamu."

"Hatua nne!" Josia alishtuka. "Za kibanja cha babu yangu?"

"Baba Benigna," alisema Kokuberwa, "maji hayali, hayachoki, hayadai mshahara. Yanasagia kilima kizima. Nasi tunayanyima hatua nne?"

Muhidini akacheka. "Msikilize mkeo. Kwingine maji kama haya yanapasua mbao na kuwasha taa. Ninyi mmeanza tu."

Josia alikuna kichwa. Kisha akachukua jembe. Majirani wakamfuata, wengine wakikata fito.

Alhamisi adhuhuri gurudumu lilizunguka. Watu walipiga vigelegele. Kokuberwa alisaga, akajitwika unga, akaufikisha nyumbani. Akaingia darasani akihema, miguu ina tope.

"Nipo, mwalimu!" alisema.

Miezi ikapita. Siku moja barua ilikuja kutoka Kibeta. Ilitoka kwa Benigna, binti yao aliyeolewa huko. Zamani barua zake zilisomwa na karani, na siri za nyumbani zikafika sokoni kabla yao.

Kokuberwa alifungua, akasoma polepole.

"Bibi yangu Alistidia, nimejifungua mtoto wa kike. Tumempa jina lako."

Alistidia alisogea karibu. Machozi yakamtoka.

"Soma tena hapo," alisema.

Kokuberwa akasoma tena. Josia alisimama mlangoni akitabasamu. Alitamani kilima chote kimsikie mkewe.

Alistidia alitazama viganja vyake. Vilikuwa vimekomaa kwa miaka ya kusaga. Akamnyooshea mkwewe mkono wa kulia.

"Nipe kalamu yako ya darasani," alisema. "Nionyeshe jina langu linavyoandikwa. Huyo mtoto nitamwandikia mwenyewe."