Alama Nyekundu kwenye Banda la Fikirini

Siku Nasma alipotumbukia mtaroni, soko la Kibiti lilikuwa limefurika watu. Basi la Lindi lilikuwa limeegeshwa, wauza korosho wanakimbilia madirishani, na mvua ya alfajiri ilikuwa imeujaza mtaro maji meusi hata usijue wapi njia, wapi shimo. Alikanyaga ubao uliooza. Ukavunjika. Akazama mpaka magotini, na dera lake jipya la zambarau likachanika ubavuni.

Mkono ulimdaka kabla hajaanguka kifudifudi.

"Pole bibie. Toa mguu taratibu, humo mna vyupa."

Alikuwa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, shati jeupe limenyooshwa pasi, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Jina lake Fikirini, fundi cherehani, na banda lake la mabati lilikuwa hapohapo ukingoni mwa mtaro. Alimpa maji ya kunawa na kanga ya kujifunga, akakaa kulishona dera huku akimtazama kwa kuibia.

"Nikushukuruje?" Nasma aliuliza.

"Kwa jina lako."

"Nasma. Nauza duka la dawa, pale karibu na stendi."

"Basi najisikia naanza kuumwa."

Nasma alicheka, na kesho yake mgonjwa akafika kweli. Alinunua dawa ya kichwa, keshokutwa ya kikohozi. Mwishowe Nasma akamwambia, "Fundi, utajiua kwa vidonge. Chukua namba yangu ya simu." Baada ya hapo simu zao zikawa hazikauki. "Umekula, laazizi?" "Nimekula, ila sijashiba sauti yako." Mchana Nasma alikwenda na sahani ya wali na samaki, wakala pamoja nyuma ya cherehani.

Kisha Bi Kijakazi, mama mtu mzima aliyewauzia vitumbua kila asubuhi, akaanguka katika mtaro uleule na kuvunjika nyonga. Nasma aliwaona wanaume wakimbeba kwenye mkeka, mama wa watu akilia, "Mungu wangu, mguu wangu!" Kilio kile hakikumtoka masikioni. Alipiga picha mtaro mzima. Akaenda kwa mtendaji wa kata, Bwana Sadala, akapiga simu halmashauri, na mkutano wa hadhara ulipoitishwa akasimama mbele za watu.

"Tunaomba mtaro wa zege wenye mifuniko," alisema. "Tusisubiri mtu afe."

Fikirini alikuwa wa kwanza kupiga makofi. "Mchumba wangu diwani huyo!" alitamba.

Ombi likakubaliwa. Nasma alidhani atafurahi, mpaka Sadala alipomwita ofisini na kumfunulia mchoro. Mtaro mpya ungekuwa mpana kuliko wa zamani. Mabanda yote ya ukingoni yangeondolewa, na la kwanza kabisa lilikuwa la Fikirini.

"Na hao watu waende wapi?" aliuliza.

"Tunalifanyia kazi, dada yangu."

Ilikuwa Jumatatu. Jioni Fikirini alipompigia, Nasma alifungua mdomo amwambie, maneno yakagoma. Atasema kesho, alijipa moyo. Kesho yake alimpelekea wali kama kawaida, akacheka kwa mzaha wake, na moyo ukimdunda kama wa mwizi. Jumatano akashindwa tena.

Alhamisi watu walikuja na kopo la rangi. Nasma alipofika mbio kutoka dukani, alama nyekundu ya X ilikuwa bado inachuruzika kwenye mabati. Fikirini amesimama mbele ya banda, mikono imelegea.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Na juzi ukakaa humu, ukala na mimi, ukacheka?"

"Fiki, niliogopa..."

"Nenda ukalifute hilo ombi. Weye ndiye mlalamikaji. Waambie tumeridhika."

Nasma alimwangalia. Alikuwa anampenda kijana huyu kiasi cha kuumwa. Lakini Bi Kijakazi alikuwa bado kalala kitandani, anageuzwa na wanawe.

"Siwezi," alisema kwa sauti ndogo. "Niombe lolote, hilo siwezi."

Fikirini alimpa mgongo. Alifunga banda, akachukua begi, akaenda kwao Maparoni, safari ya boti, ndani kabisa ya delta, mto unakoingia baharini.

Tangu hapo simu yake ikawa haipatikani. Nasma alipiga kabla ya kufungua duka, akapiga akila, akapiga akiwa na mteja mbele yake. Mvua kubwa zilikuwa zimeanza. Kila mtu aliposema mto umejaa, alishika tena simu. Akilini alimwona Fikirini ndani ya boti, maji yanaingia. Dukani wenye mabanda walipita wakinong'ona, "Ndiye huyo anayetuvunjia." Bado kila siku alikwenda kwa Sadala kuuliza watu watahamishiwa wapi, na kila siku alirudi na jibu lilelile.

Kule Maparoni nako Fikirini hakuwa na raha. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alimkumbuka Nasma. Asubuhi moja alimsindikiza dada yake Habiba, mjamzito wa miezi ya mwisho, kwenda zahanati. Njiani kulikuwa na kivuko cha magogo juu ya mkono wa mto, na kivuko kilikuwa kimekatika katikati. Maji yalikuwa yamekupwa, wakashuka matopeni. Habiba aliteleza, akaanguka ubavu, akapiga ukelele. Fikirini alimbeba hadi zahanati akiomba dua zote anazozijua. Mganga alipima, akapima tena, ndipo akasema mtoto anacheza, yu salama.

Waliporudi nyumbani kwa mama yao, Bi Mwajabu, Fikirini hakungoja hata kunawa matope.

"Mama, kivuko kile kimevunjika tangu lini?"

"Masika yaliyopita, mwanangu."

"Mmemwambia nani?"

"Tumwambie nani? Wakubwa wote wapita palepale, wakiona."

Fikirini aliitoa begini simu aliyoizima tangu aondoke Kibiti. Kisha akaenda upande wa msikitini, mahali mtandao unaposhika, na kuiwasha.

Nasma alikuwa anahesabia mteja vidonge. Alipoliona jina, vidonge vikamwagika.

"Fiki! Uko wapi? U mzima?"

"Mzima. Nasma, mtu akitaka kupeleka shida yake serikalini, anaanzaje?"

Aliposimuliwa yote, Nasma alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Piga picha maji yakiwa yamejaa, kisha yakiwa yamekupwa. Nenda kwa mtendaji wenu na watu wawili watatu, usiende peke yako. Akisema atalifanyia kazi, muulize lini."

"Haya, mwalimu." Akashusha sauti. "Ungeniambia Jumatatu ile."

"Niliogopa utaondoka."

"Na nikaondoka," alisema Fikirini. "Nisamehe."

Alirudi Kibiti siku ya mwisho ya kuhama. Hakungoja kubomolewa, alipanda juu mwenyewe akang'oa misumari, Nasma akapokea mabati kutoka chini, kanga kaifunga kiunoni. Sadala alipita, akasema kiwanja kimepatikana nyuma ya soko, ila hakijasawazishwa.

"Kitasawazishwa lini?" Nasma aliuliza.

"Njoo kesho ofisini."

"Nitakuja."

"Najua," Sadala alisema, akaguna.

Fikirini alishuka, akakaa kwenye kiti cha cherehani, kiti kikiwa sasa mahali peupe, mawingu yametanda juu yake. "Mjomba wangu Kondo amekwenda Nyamwage leo," alisema. "Kwa baba yako. Kuposa."

Bati lilimponyoka Nasma. "Leo? Huna hata pa kuweka cherehani!"

Kabla hajajibiwa, simu yake ikaita. Ilikuwa namba ya baba yake, mzee Hemedy. Akaipokea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nina mgeni hapa. Ananiambia kijana wake anavunja banda lake leo. Kweli?"

"Kweli, baba."

"Kwa ajili ya ombi ulilopeleka weye?"

Nasma alifumba macho. "Ndiyo, baba."

"Na bado anakutaka?"

Alimtazama Fikirini, aliyekuwa amesimama, uso umempauka kwa hofu.

"Anasema ananitaka."

Nasma alimsikia mzee akimwambia mgeni aongeze chai.

"Basi aje mwenyewe," akasema. "Mtu huyo nataka kumwona kwa macho yangu."