Bido ya Mama Honorine

Kila asubuhi kabla ya shule, Noella na rafiki yake Jolie walishuka kutoka mtaa wao wa Nyamianda, mjini Uvira, hadi ziwani, kila mmoja na bido yake, dumu la manjano la kuchotea maji. Hawakuchota maji papo hapo. Kwanza walitupa mawe majini, wakapiga makofi, wakatazama. Kisha mmoja alichota upesi huku mwenzake akilinda. Ndivyo watoto wote wa mtaa walivyofundishwa tangu siku ile mamba alipomkamata Jolie mkono, na wavuvi wakampiga mamba huyo kwa makasia hadi akamwachia. Mkono ulipona, ila kovu lilibaki, na kila alipoliona, Noella aliongeza jiwe jingine majini.

Chanzo cha shida hiyo kilikuwa robine ya mtaa, mfereji ambako zamani wote walichota maji. Mafuriko yalikata bomba lake, na tangu hapo haikutoa hata tone. Mama yake Noella, Mama Honorine, aliongoza kikundi cha akina mama waliotaka bomba hilo litengenezwe. Walikwenda kwenye ofisi ya komine, yaani utawala wa eneo lao, wakaambiwa warudi kesho. Waliporudi, wakaambiwa mkuu yuko safarini. Waliposema redioni, ofisi ikajibu kwamba hao ni wanawake wachache tu wapenda kelele.

"Wachache?" Mama Honorine aliwaka. "Basi tutabaonyesha wingi wetu, na kelele haitakuwa!"

Huko Uvira kila mtu anajua sheria ya robine. Bido ikiwekwa kwenye foleni, ni kama mwenyewe amesimama pale, hata kama yuko nyumbani anapika. Na akiiondoa, basi ameacha zamu yake. Kwa hiyo kikundi kilipatana kwamba kila nyumba italeta bido tupu yenye jina, nazo zipangwe kando ya barabara kuanzia mlango wa komine hadi kwenye robine iliyokauka. Ya Mama Honorine, yenye jina la rangi nyekundu, ingetangulia.

Noella alipolisikia jambo hilo, chakula kilimshinda.

"Mama, usiende. Minye naogopa. Umesahau ya mjomba Chadrack?"

Mjomba Chadrack alikuwa dereva wa pikipiki. Mwaka uliopita aliandamana na wenzake, vijana wachache wakarusha mawe, moshi wa kutoa machozi ukafuata, naye akaishia kwenye kasho, chumba cha mahabusu. Alitoka amevimba uso.

"Sisi hatutupi jiwe, mwanangu," mama alisema. "Weye utanisaidia kulinda bido."

Jumamosi asubuhi bido zilipangwa, moja nyuma ya nyingine, hadi zikapotea machoni kwenye kona ya barabara. Akina mama wakaingia kanisani jirani kuchagua nani atasema na mkuu. Noella akabaki peke yake mlangoni pa komine, mbele ya foleni.

Mara gari la polisi likaja, likasimama hatua chache kutoka pale. Askari wakashuka na fimbo zao. Noella alilitazama jina la mama yake, jekundu, kubwa, la kwanza kabisa. Wakitaka kumkamata mtu, si wataanza na huyu? Wahenga wamesema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, naye siku hiyo alikitaka kicheko kuliko kitu chochote duniani. Aliibeba bido mbiombio, akaificha nyuma ya kibanda cha kuchajia simu.

Alidhani amemwokoa mama yake. Kumbe!

Wa kwanza kuona pengo alikuwa Baba Libérat, fundi viatu, mtu mwema lakini mwenye ulimi mwepesi.

"Bido ya Mama Honorine iko wapi?" aliuliza kwa sauti. "Ameitoa? Basi bamemupatia kitu! Amekula peke yake!"

Neno hilo lilishuka barabarani upesi. Mtu mmoja akaja akachukua bido yake, akafuata wa pili, kisha jamaa nzima. Foleni ikaanza kukatika vipande. Jolie akaja akikimbia, machozi yakimlenga.

"Noella, bantu banatoa bido! Kesho tutarudi tena kwa mamba?"

Wakati huo akina mama walitoka kanisani. Mama Honorine alikuwa mbele, hajui lolote, na watu walimtazama kama mwizi. Bibi mmoja alimpa kisogo. Noella aliona uso wa mama yake ukibadilika, akahisi hofu mpya, kubwa kuliko ile ya polisi. Angeweza kunyamaza. Nani alimwona? Lakini mama angebeba jina la mla rushwa maisha yake yote, na robine ingebaki kavu.

Alikwenda nyuma ya kibanda, akaiburuta bido hadi mahali pake.

"Ni minye niliitoa!" alilia. "Mama hakujua! Hajala kitu! Niliogopa polisi tu!"

Askari mmoja mrefu akaja moja kwa moja hadi kwake. Noella alifumba macho.

"Isogeze kidogo," askari alisema. "Magari yapate kupita."

Watu walicheka, wengine hadi wakajishika mbavu. Baba Libérat aliinamisha kichwa. "Mama Honorine, unisamehe. Mdomo wangu ulitangulia akili." Akarudisha bido yake, na wengine wakarudisha zao. Mkuu wa komine alipotoka, aliitazama foleni ile mpaka ilipopotea kwenye kona, asione mwisho wake. Hakusema tena habari ya wanawake wachache. Aliwaita wajumbe ndani, na mbele yao akaagiza mafundi. Akina mama walishukuru, lakini bido hawakuziondoa hadi bomba lilipotengenezwa.

Siku maji yalipotoka, Mama Honorine alimwita Noella karibu na robine.

"Minye pia niliogopa siku ile," alimwambia. "Kuogopa si dhambi. Lakini sikiliza. Sisi hatutawali, wala hatutaki viti vya wakubwa. Kura tunapiga siku moja, maji tunakunywa kila siku. Kwa hiyo kati ya kura na kura, raia wanaungana, wanawakumbusha viongozi kazi yao, kwa amani na bila kuchoka. Kikundi kama hiki hakina bunduki wala pesa. Nguvu yake ni kuaminiana. Ulipoficha bido moja, karibu zote ziondoke. Uliposema kweli mbele ya watu, zote zilirudi."

Noella aliitikia kwa kichwa. Zamu yake ilipofika, mkono wake uliokota jiwe kwa mazoea, ukainuka tayari kulitupa.

"Weye!" Jolie alimshika mkono akicheka. "Hapa mamba haiko!"

Noella akaliacha jiwe lianguke, akaiweka bido chini ya maji.