Kijitabu cha Mfalme Kilichotoka Kinondo

Alhamisi, tarehe 11 Novemba mwaka 1954, saa kumi na moja jioni, Zahoro bin Mbwana alifungua kijitabu cha stempu akakuta gundi ya nyuma ya stempu moja imelowa. Aliigusa. Ilinata kidoleni, tena ilikuwa na uvuguvugu, kama iliyolambwa sasa hivi.

Zahoro alikuwa fundi wa cherehani pale Msambweni. Mapenzi yake yalikuwa vijitabu vya stempu vinavyotolewa kwa ukumbusho wa sherehe za wafalme: huyu ametimiza miaka ishirini na mitano ya utawala, yule ametawazwa. Aliviweka katika sanduku la msaji. Unyevu wa pwani huharibu gundi, na kombamwiko huipenda gundi kuliko wali. Kwa hiyo kila Alhamisi jioni, nyumba ilipofukizwa udi kama ilivyo desturi, alivipitisha vijitabu vyake juu ya chetezo, kimoja kimoja, moshi ukapenya baina ya kurasa zikakauka.

"Wafalme wako wamekwisha fukizwa?" mkewe, Mwanafatuma, alimtania kutoka uani. "Basi na mimi mke mwenzao nipewe hicho chetezo, nguo zangu zinangoja."

"Njoo utazame, mke wangu. Umekilamba hiki?"

"Nilambe karatasi! Njaa haijanifikisha huko." Akacheka, akachukua chetezo akaenda zake.

Kijitabu kile kilikuwa kigeni nyumbani. Zahoro alikipata kwa Garama, mkulima wa Kinondo, aliyekitoa kuwa malipo ya kushonewa kanzu. Kilikuwa cha dada yake Garama, marehemu Mbeyu. Jalada lake lilikuwa jekundu, na hakikukosa hata ukurasa. Zahoro alikuwa nacho kingine cha sherehe hiyo hiyo, lakini hicho kilikuwa kimetafunwa pembe na kurasa zimegandana. Hiki kizima alikipenda mno. Alikuwa akikishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika kifaranga.

Alhamisi iliyofuata, moshi ulipoanza kupanda, alisikia mlio ndani ya sanduku. Ulikuwa mlio wa ulimi: wa polepole, wa majimaji, kama paka anapomaliza sahani. Alifunua kifuniko. Hapakuwa na kitu, ila harufu ya marashi mawaridi, na humo nyumbani hamkuwa na marashi.

Asubuhi yake Mwanafatuma alishindwa kufungua kinywa kusalimia. Midomo yake ilikuwa imenatana. Alipoiosha kwa maji ya moto alitema gundi, gundi ya manjano, akatazama viganja vyake kwa woga.

"Zahoro," alinong'ona, "nani aliyenibusu?"

Tangu siku hiyo alianza kukaa upande. Akiitwa, hakugeuza uso. Alikaa juu ya kigoda mgongo umenyooka, kidevu juu, akaonyesha shavu moja na jicho moja, vile vile kama mfalme katika stempu. Na Zahoro akizunguka ili amtazame machoni, yeye naye alizunguka taratibu, mwili mzima, bila kuinua miguu, hata kila alipokwenda mume alikuta jicho moja tu, na jicho lile halikupepesa.

Hapo ndipo Zahoro alipokwenda kumwita Bi Bimkubwa, mwanamke mtu mzima wa Kinondo aliyejulikana kwa kuagua mambo ya majini.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi?" Aliingia, akamtazama Mwanafatuma kitambo, kisha akavuta hewa puani. Sauti yake ikashuka. "Marashi haya nayajua. Humu ndani kuna kitu gani cha Mbeyu wa Kinondo?"

Zahoro alimweleza habari ya kijitabu.

"Ole wako! Mbeyu alikuwa na jini, na jini lake lilijiita mfalme. Lilikataa pete, likakataa kilemba, likataka picha ya mfalme mwenzake. Basi Mbeyu alilitafutia kijitabu hicho, akakiweka juu ya sinia, kila Alhamisi akakifukiza udi ili lije likae. Alipokufa ilipasa nduguze waliage jini, liambiwe mwenyewe ameondoka, kisha kitu chake kizikwe. Garama aliona mambo hayo ni upuuzi. Na wewe umekaa hapa, kila Alhamisi unaliita."

"Mimi nilikuwa nakausha gundi, Bi."

"Lenyewe litajuaje? Limeitwa, limekuja, limekuta mwanamke ndani." Akamshika mkono. "Kilete kesho Kinondo tuliage. Usichelewe, baba. Likizoea hapa, halitoki peke yake."

Zahoro alifungua sanduku ili atoe kijitabu chekundu. Alikitazama. Alifunua kurasa, akaona kila stempu imekaa mahali pake, safi, na ukingo wake haukuvunjika hata jino moja. Akakumbuka kile kingine, kilichotafunwa pembe. Picha ni ile ile, akajiambia. Mfalme ni yule yule. Akakifunga kile kibovu katika kitambaa, na kile kizima akakirudisha chini kabisa ya sanduku.

Kesho yake, katika ua wa marehemu Mbeyu, Bi Bimkubwa aliweka sinia chini. Garama alisimama kando ameinamisha kichwa, kwa kuwa sasa alikuwa ameogopa.

"Ndicho hiki?" Bi Bimkubwa aliuliza. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee.

"Ndicho."

"Apa."

"Wallahi, ndicho."

Akafundishwa maneno, akayasema: "Mwenyeji wako ameondoka. Chukua kilicho chako, niachie kilicho changu." Wakakizika kitambaa chini ya ukuta.

Aliporudi Msambweni alimkuta Mwanafatuma mlangoni, amemgeukia uso mzima. "Umechelewa, bwana wee," alisema. "Nimepika, na nina njaa ya watu wawili." Zahoro alilia kwa furaha. Walikula sahani moja. Alimtazama macho yote mawili hadi mke akaona haya, akamwambia ageuke atazame wali.

Furaha hiyo haikufika mbali. Mvua za vuli zilishika, kuta zikatoa maji, na Zahoro akaanza kuhofia gundi. Alhamisi, Mwanafatuma alipoingia chumbani kusali magharibi, mumewe alitia makaa chetezoni, akadondosha kipande kidogo tu cha udi, akatoa kile kijitabu chekundu akakishika juu ya moshi. Na mara akasikia ulimi, lakini safari hii haukuwa sandukuni, ulikuwa nyuma ya pazia la chumbani, ukilamba polepole, na kila ulipolamba sauti ya Mwanafatuma iliyokuwa ikisoma ilipungua, neno likawa nusu, nusu ikawa pumzi, naye Zahoro akataka kukimbia akaona miguu haimtii, akataka kuita jina la Mungu akaona midomo yake imenata, akasimama hivyo na kijitabu mkononi huku harufu ya marashi ikimjaa kooni, hata pale palipokuwa na kisomo pakawa kimya.

Alimkuta amesujudu. Juu ya mswala halikuwa paji la uso, lilikuwa shavu. Amekwisha kufa. Wanawake waliomwosha walijaribu kumnyoosha shingo, haikunyooka.

Walipotoka makaburini Zahoro hakukaa matangani. Alikwenda Kinondo na kijitabu chekundu kifuani, akaanguka mbele ya Bi Bimkubwa, akasema yote. Mwanamke yule hakumkaripia. Aliweka sinia, akaanza kuliaga jini, mara mabega yake yakatikisika, akageuza uso upande, akabakiza jicho moja. Sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Kimefika. Sasa naondoka."

"Nirudishie mke wangu," Zahoro alisema.

"Sikuja kwa ajili yake. Nilitaka kuagwa tu."

"Mbona basi umemchukua?"

"Uliniambia nikuachie kilicho chako. Nikatazama ni kipi ulichokificha nisikipate, nikakiona sandukuni. Nikakuachia. Mwanamke alikuwa mlangoni, hukumficha. Uliponifukizia tena, nikajua umenipa."

Bi Bimkubwa alianguka ubavu. Harufu ya marashi ikakatika, na tangu siku ile haikusikika tena, Kinondo wala Msambweni.

Ewe Mola, mrehemu Mwanafatuma binti Alfani, aliyekufa akikusujudia. Mwangazie kaburi lake, mpanulie makao yake, mlipe jema kwa kila sahani aliyoipakua na kila neno la upole alilolisema. Msamehe, nawe utusamehe sisi tuliobaki nyuma yake. Amina.