Shamba Waliloliita Tupu

Gunvor na mumewe Birger walikuwa jikoni wakinywa kahawa ya asubuhi. Dirisha lilikuwa wazi. Ilikuwa mwezi wa Juni, na shayiri ilikuwa imefika kiunoni. Birger alipaka siagi kwenye mkate huku Gunvor akilalamika kuhusu trekta. Lilikuwa linavuja mafuta tena.

"Nitalitazama leo," alisema Birger.

"Ulisema hivyo juzi."

"Juzi nilikuwa nasema tu. Leo nasema kweli."

Gunvor alicheka, lakini kicheko hicho hakikufika mwisho. Katikati ya shayiri yake aliwaona wanaume wawili wenye fulana za rangi ya chungwa. Walikuwa wakigongomea vigingi ardhini. Nyuma yao shayiri ilikuwa imelala chini, imekanyagwa.

Alitumbukiza miguu kwenye mabuti, akatoka mbio.

"Nyinyi! Mnajua mnakanyaga nini?"

Mmoja wao alivua kofia. "Samahani, mama. Sisi wapima ardhi tu. Tumetumwa na halmashauri. Hapa panajengwa mtaa mpya. Ramani inaonyesha ni ardhi tupu."

"Tupu?" Gunvor aling'oa konzi ya mashina ya shayiri, akamsogezea puani. "Na hizi ni nini, nywele za babu yako? Asubuhi ulikula mkate?"

"Nilikula, mama."

"Basi ulikula shamba! Nenda kamwambie aliyekutuma."

Yule mpimaji alikunja kamba yake, akaondoka na mwenzake. Vigingi waliviacha.

Shamba lile lilikuwa la ndugu wawili. Nusu ilikuwa ya Birger, na nusu ya kaka yake, Hilding, mjane aliyekuwa akifuga nguruwe zamani. Kwa miaka mingi Birger na Gunvor ndio waliolilima lote. Siku hiyohiyo Gunvor alikwenda kwa Hilding. Alimkuta amekaa kwenye benchi mbele ya banda lake la zamani.

"Shemeji, umeuza?"

"Sijauza. Nimekubali kuuza."

"Na sisi ulitaka tuambiwe na vigingi?"

Hilding alitazama mikono yake. "Ningekuja, Gunvor. Nilikuwa natafuta maneno. Lakini nitazame. Magoti yamekwisha. Paa linavuja. Mtoto sina. Sasa ule udongo nitaufanya nini? Niule?"

"Ndiyo! Ndicho tunachofanya kila siku, tunaula!"

Alirudi nyumbani uso umewaka. Alitaka kila mtu akasirike kama yeye. Kwa hiyo Jumapili, binti yake Malin alipokuja na mtoto wake mchanga, Gunvor alimwaga yote. Malin alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema taratibu:

"Mama, usinikasirikie. Lakini mimi naihitaji nyumba moja katika hizo."

"Wewe? Juu ya shayiri ya baba yako?"

"Tunaishi chumba kimoja mjini, sisi watatu. Nimetafuta nyumba hapa kijijini Gislarp hadi nimechoka. Haipo. Na shule yenu ina watoto wachache. Wasipokuja wengine, itafungwa. Hapo mtamlaumu nani?"

Neno hilo lilimwingia Gunvor kama mwiba. Hakutaka shamba life. Lakini hakutaka kijiji kife pia.

Jirani yao mpya aliitwa Disa. Alikuwa afisa wa mipango ya ardhi katika halmashauri nyingine. Jioni hiyo alikuwa bustanini kwake, akipalilia jordgubbar, matunda yale mekundu ya majira ya joto. Gunvor alimsimamisha kwenye uzio, akamsimulia yote.

"Jirani, hebu niambie. Nani ana haki, mimi au binti yangu?"

"Wote wawili," alisema Disa.

"Jibu la ofisini hilo!"

Disa alicheka, akajifuta mikono. "Sikiliza. Halmashauri haijakosea kutaka nyumba. Imekosea pa kuanzia. Wamejiuliza kwanza: nyumba tuzijenge wapi? Kinachobaki ndicho kiwe shamba. Inatakiwa kinyume chake. Kwanza uweke alama kwenye ramani. Udongo mzuri uko wapi? Maji ya mvua yanapita wapi? Miti mikubwa iko wapi, na njia ambazo watu hutembea? Hivyo vikipotea havirudi. Ukishavilinda, ndipo uliza nyumba zikae wapi."

Alichukua sepetu, wakaingia pamoja shambani. Disa alichimba. Udongo ulikuwa mweusi, laini, wenye minyoo, na sepetu ilizama yote bila kufika mwisho wake.

"Udongo huu umejitengeneza kwa maelfu ya miaka," alisema. "Mashine za ujenzi zitaukwangua na kuushindilia. Ukishamwaga lami, basi. Hata wajukuu wako wakija kuing'oa, hawatakuta shamba chini yake."

"Na mvua?"

"Sasa hivi mvua inanyonywa hapa. Ukiweka mapaa na barabara, maji yatateremka. Yataingia kwa nani?"

Gunvor alitazama chini ya mteremko. Pale zilikuwapo nyumba za karibu na kanisa. "Yataingia kwenye vyumba vyao vya chini," alisema polepole.

"Na mtaa huu uko mbali na kijiji. Utahitaji barabara ndefu, mabomba marefu ya majitaka, na gari la kuondoa theluji kila majira ya baridi. Hayo yote hulipwa kwa kodi yenu, mwaka hadi mwaka."

Kesho yake walitembea kijijini, Birger akiwafuata na ramani kwapani. Disa aliwasimamisha mbele ya kiwanda cha maziwa cha zamani, karibu na kituo cha treni. Kilikuwa kimefungwa kitambo. Saruji ilikuwa imepasuka na miti michanga ilichomoza katikati ya nyufa. Nyuma yake ulianza ua mpana wa saruji wa Hilding, pale alipofugia nguruwe.

"Mnaona nini?" aliuliza Disa.

"Uchafu," alisema Birger.

"Mimi naona kijiji. Barabara ipo. Bomba lipo. Treni ipo. Shule ni hatua chache. Ardhi imekwishaharibiwa, hakuna cha kulimwa hapa. Jengeni nyumba zilizoshikana, viwanja vidogo, na katikati muache bustani ya wote. Kwanza udongo upimwe, maana kiwanda huenda kiliacha mafuta au dawa. Ukikutwa na sumu, usafishwe."

Gunvor alipiga teke jiwe. "Sasa kwa nini hawakupaona hapa?"

"Walipaona. Lakini kuvunja saruji ni kazi. Kusafisha ni kazi. Shamba ni laini. Mashine inaingia tu."

"Kwa hiyo wanatumeza kwa sababu sisi ni laini!" Gunvor aligeuka na kuanza kutembea haraka.

"Unakwenda wapi?" aliita Birger.

"Kwa kaka yako!"

Hilding alikuwa kwenye benchi lake. Gunvor alikaa kando yake bila kualikwa.

"Shemeji, uza saruji. Usiuze udongo."

"Saruji ipi?"

"Ua wako wa nguruwe. Pajengwe nyumba, pamoja na pale kiwandani. Utapata cha kuezekea paa lako, na shamba libaki."

"Nani atakaa penye uvundo wa nguruwe?"

"Uvundo uliondoka na nguruwe."

"Pua yangu haijapata habari hiyo," alisema Hilding. Lakini alikuwa anatabasamu. Kisha akautazama ua wake. "Mimi nilidhani hakuna anayeutaka ua huu. Hakuna aliyeniuliza. Walikuja wakaniuliza kuhusu shamba tu."

Halmashauri iliwaita wanakijiji kwenye mkutano ukumbini, ili iwaeleze kuhusu mtaa huo. Kahawa na mikate ya mdalasini viliwekwa mezani, kama ilivyo desturi. Mwenyekiti wa halmashauri, Bwana Broman, alionyesha picha ukutani. Nyumba nyeupe, watoto wanaocheka, na mbwa.

"Kama mnavyoona," alisema, "tunachukua eneo tupu lisilotumika, na kulitia uhai."

Gunvor alisimama. Birger alimvuta sketi. Hakukaa.

"Bwana Broman, mara ya mwisho kuja shambani kwetu ni lini?"

"Mimi... nalipita kwa gari mara nyingi."

"Umelipita! Sisi tunaamka nalo. Mwaka jana shamba hilo lilitoa shayiri na viazi. Mwaka ujao litatoa tena. Unasema unalitia uhai? Uhai umo tayari, umeukanyaga!"

"Bibi Gunvor, watu wanahitaji nyumba. Hata binti yako, nimesikia."

Watu waligeuka kumtazama Malin. Alikuwa amembeba mtoto. Akasimama pia.

"Ni kweli nataka nyumba," alisema. "Lakini usinitumie mimi kama fimbo ya kumpigia mama yangu. Nipe nyumba pale kiwandani, karibu na treni na shule. Nitahamia kesho."

Disa alieleza kwa ufupi yale aliyoyaonyesha, akatandaza ramani yake. Alikuwa amepaka kijani udongo mzuri, buluu njia ya maji, na kijivu sehemu zilizokwisha kuharibika. Watu walisogea kuangalia. Wazee wa karibu na kanisa waliona buluu ikiteremka hadi milangoni mwao, wakaanza kunung'unika.

"Mpango umeshachorwa," alisema Broman.

"Kilichochorwa hufutwa kwa ufutio," alisema Gunvor. "Lami utaifuta kwa nini?"

Wakati huohuo benchi la nyuma lililia. Hilding alikuwa anainuka, taratibu, kwa sababu ya magoti.

"Nusu ya shamba ni yangu," alisema. "Na siuzi tena. Mkitaka ua wangu wa nguruwe, njooni tuzungumze. Mkitaka shamba, msije."

Broman alijaribu kusema neno, lakini ukumbi ulikuwa umekwisha kuwaka. Kila mtu alitaka kuuliza. Kwa nini hatukuulizwa? Nani alipitisha? Mwishowe Broman alikubali mpango uchorwe upya.

Haikuwa rahisi. Udongo wa kiwandani ulikutwa na mafuta, ukasafishwa. Mjenzi mmoja alijitoa. Broman alisema mara kwa mara kwamba kazi inachelewa. Kila aliposema hivyo Gunvor alikwenda ofisini kwake kumuuliza inachelewa kwa nani.

Hatimaye nyumba zilisimama, zimeshikana, na bustani katikati yao. Malin, mumewe na mtoto walihamia ya mwisho upande wa treni. Familia nyingine zilifuata, na shule ikaongeza darasa. Pembeni mwa shamba ilitengenezwa njia ya kutembea, ili kila mtu aweze kuona kinacholimwa. Vuli hiyo ilinyesha mvua kubwa. Kijiji cha jirani, kilichokuwa kimejenga juu ya mashamba yake, kilipiga pampu kutoa maji vyumbani. Gislarp, mvua iliingia ardhini, na nyumba za karibu na kanisa zilibaki kavu.

Siku ya kufungua mtaa mpya, Bwana Broman alihutubia watu bustanini.

"Tangu mwanzo," alisema, "halmashauri yetu ilitambua thamani ya mashamba."

Gunvor alikohoa kwa nguvu.

"Mwache," alinong'ona Birger. "Tumeshashinda."

"Tumeshinda shamba moja," alisema Gunvor. Akapaza sauti. "Bwana Broman! Kama mliitambua tangu mwanzo, basi iwekeni kwenye mpango wa halmashauri nzima. Kabla ya kujenga popote, udongo mzuri na njia za maji viwekewe alama kwanza, na wenyeji waulizwe kabla ya vigingi."

Broman alishika kikombe chake vizuri. "Hilo tutalizungumza, Bibi Gunvor."

"Tuko hapa wote. Zungumza."

Watu walicheka, kisha wakaanza kupiga makofi, na hawakuacha. Broman aliwatazama. Akashusha pumzi.

"Haya. Kikao kijacho litapigiwa kura."

Kikao kilipofika, Gunvor alikaa kiti cha mbele. Hilding alikaa kulia kwake, Disa kushoto, na Malin nyuma yao. Wajumbe walizungumza mengi, na wengine walitazama saa. Gunvor hakuinuka hata kwenda kuchukua kahawa. Alingoja mpaka alipoona mikono ya kukubali inanyanyuliwa, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho kunyanyuka ulikuwa wa Broman.