Ubeti wa Mama Kulwa

Jilala alikutwa amelala kifudifudi chini ya meza ya studio yake, pale Nyarugusu, saa mbili asubuhi ya Jumamosi. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Kando ya bega lake kulikuwa na mchi wa chuma, ule ambao wanawake wa machimboni hutwangia mawe ya dhahabu. Kompyuta ilikuwa imepondwa, haifai hata kwa vipuri.

Inspekta Rebeka Mayala alifika kutoka Geita saa tatu na nusu. Alikuwa mwanamke mfupi, asiyependa maneno mengi, na asiyependa kabisa watu wanaochungulia maiti madirishani.

"Mmeshamwona," aliwaambia. "Hakuna kingine hapa. Nendeni mkanywe chai."

Koplo Wiliam alipiga picha, akachukua alama za vidole kwenye mchi, kisha akaufunga kwenye mfuko wa vielelezo. Rebeka alizunguka mbele, kwenye duka la vifaa la mzee Riyaz. Chumba cha studio kilikuwa cha mzee huyo. Ndiye aliyeikuta maiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Balaa gani hili!"

"Jana ulisikia nini?"

"Ugomvi. Saa kumi jioni. Limi na Jilala wanafokeana. Limi akatoka analia."

"Limi yupi?"

Mzee Riyaz alimtazama kama vile ameulizwa jua ni nini. "Limi wa 'Nimeshuka'! Wewe huna redio?"

Redio alikuwa nayo. Tangu mwezi wa tatu, kuanzia Kahama mpaka Katoro, hakukuwa na saluni wala kibanda cha chipsi kisichopiga "Nimeshuka". Wimbo wa mwanamke aliyeambiwa asikanyage duara, shimo la wachimbaji, maana mwanamke akishuka shimoni dhahabu inakimbia, naye akashuka. *Walisema nikishuka itakimbia, nimeshuka, iko hapa kiganjani.* Mabinti waliuimba wakisukana. Wanaume waliucheza pia, ila wakifika kwenye maneno hayo walijifanya wanakohoa.

"Limi alipotoka, ulisikia nini tena?"

"Wimbo ukapigwa. Halafu kishindo. Nikadhani anahamisha vyombo. Nikafunga duka saa kumi na mbili."

Rebeka aliacha kuandika. "Wimbo ulipigwa Limi akiwa ameshaondoka?"

"Ameshaondoka. Nilimwona kwa macho yangu akikatiza barabara."

"Angeweza kurudi?"

"Mlango wa studio uko uchochoroni. Hapo sioni, siwezi kukudanganya."

Jibu hilo halikumsaidia Limi hata kidogo. Mchi ulikuwa wake. Aliupeleka studio ili warekodi mlio wa kutwanga, ndio uliokuwa mdundo wa wimbo. Alama zake za vidole zilikuwa zimeenea kila mahali juu yake. Ugomvi ulikuwa wake. Kufikia saa tano alikuwa mahabusu, na mkuu wa kituo alitaka saa kumi jioni apelekwe Geita kwa kosa la mauaji.

"Saa kumi bado," Rebeka alisema, akaingia chumba cha mahojiano.

Limi alikuwa na miaka ishirini na nne. Macho yalikuwa mekundu, lakini mgongo umenyooka.

"Mligombania nini?"

"Ubeti wa nne."

"Wimbo una beti tatu. Hata mimi naujua."

"Redioni ni tatu. Jana tulikuwa tunarekodi mzima, na wa nne. Kwetu Usukumani, manju, mtunzi wa nyimbo, hamalizi wimbo bila kumtaja aliyempa habari ya kuimba. Asipomtaja, huo ni wizi. Ubeti wa nne una jina la mwanamke aliyeshuka."

"Yupo kweli?"

"Yupo. Hiyo siyo hadithi ya kutunga, afande."

"Na Jilala?"

"Alisema anaukata. Kuna mtu kampigia simu, anasema jina likisikika patachimbika. Nikamwambia ukilikata hilo jina, wimbo si wangu tena. Nikaondoka. Mchi nikauacha."

"Mwanamke huyo ni nani?"

Limi alitazama meza.

"Limi. Saa kumi unaondoka hapa na pingu. Kosa hili adhabu yake unaijua."

"Najua. Lakini nilimwapia. Jina halitoki mdomoni mwangu mpaka litoke redioni. Likishatoka redioni, watu wote wanajua, mumewe hawezi tena kumpiga kimyakimya. Likitokea hapa kituoni, nani atamlinda?"

Rebeka alichukua daftari, akainuka. Swali hilo lilimuudhi, na lilimuudhi zaidi kwa sababu lilikuwa swali zuri.

Saa saba alikuwa mwaloni na Koplo Wiliam, pale mawe yanaposagwa na mchanga kuoshwa. Chini ya turubai wanawake kumi hivi walikaa kwenye vifusi, kila mmoja na kinu chake cha chuma. Michi ilipanda na kushuka pamoja. Walikuwa wakiimba. Walipoona sare za polisi walimaliza ubeti wa tatu, wakanyamaza.

"Mwangaluka," Rebeka aliwasalimu.

"Mwangaluka, mayu," waliitikia, bila kumtazama.

"Limi yuko mahabusu. Anasema wimbo una ubeti wa nne, lakini kagoma kumtaja mtu. Saa kumi anapelekwa Geita. Sina la kuongeza."

Michi ilisimama. Mwanamke mmoja mrefu, vumbi la mawe limemjaa mpaka kwenye kope, aliweka mchi wake chini.

"Naitwa Philomena," alisema. "Mama Kulwa. Ubeti wa nne ni wangu."

"Nyamaza, Mama Kulwa!" mwenzake alimvuta kanga.

"Ninyamaze mpaka lini? Mtoto wa watu anafungwa kwa ajili yangu!" Akamgeukia Rebeka. "Duara la mume wangu lilikaa mwaka mzima linatoa udongo mtupu. Mimi ndiye ninayetwanga, afande. Nayajua mawe kuliko wanaoyachimba. Nikaona yale yanayotoka upande wa kushoto yana dalili, wao wanayatupa. Nikamwambia, akanicheka. Siku wanaume wote walipokwenda msibani Rwamgasa, nikachukua tochi, nikashuka."

"Ukaona nini?"

"Mwamba wa dhahabu. Upana wa mkono wangu. Nikamwambia chimba kushoto. Akapauka! Akanikataza nisiseme kwa mtu. Wanaapolo wake, vijana wanaomchimbia, akawaambia ameoteshwa ndotoni."

"Ni akina nani waliojua?"

"Sisi wa hapa. Tunauimba ubeti wangu wanaume wakiwa mbali. Lakini juzi Alhamisi mume wangu alipita kuulizia zamu ya karasha, mashine ya kusagia mawe, akasimama nyuma ya magunia. Alisikia ubeti, na kwamba Limi anakwenda kuurekodi. Nilimwona."

"Jana saa kumi alikuwa wapi?"

"Sijui. Alirudi jioni, hakula."

"Alioga? Alibadili nguo?"

Philomena alishangaa. "Aoge? Yuko kwenye miko. Tangu watoe mawe haya hajagusa maji wala hajavua shati, mpaka yasagwe na dhahabu ionekane. Leo siku ya tisa."

Rebeka alifunga daftari. Alimtazama Koplo Wiliam, na koplo akaenda kuchukua begi la vielelezo garini bila kuambiwa.

Thobias, mumewe Mama Kulwa, alikuwa amekaa mdomoni mwa duara, mwanaume wa miaka arobaini hivi, rangi yake na ya kifusi moja. Alinuka jasho la siku tisa na dizeli. Wanaapolo wake walikuwa wakipandisha viroba kwa kamba.

"Unamfahamu Jilala, mwenye studio?"

"Namsikia tu."

"Umewahi kuingia studio yake?"

"Nikafanye nini? Mimi si mwimbaji."

"Simu yako itatuambia kama ulimpigia."

Thobias aligeukia kamba ya viroba. Rebeka alikuwa akitazama mkono wake wa kulia. Kushoto vumbi lilikuwa limeganda tabaka juu ya tabaka. Kulia, kuanzia kiwiko mpaka kifundo, ngozi ilikuwa imesuguliwa kwa kitambaa.

"Huu mkono umeufanya nini?"

"Dizeli ya pampu ilinimwagikia. Nikafuta."

"Vizuri. Tunachukua alama za vidole za kila mtu aliyemjua Jilala. Koplo, mpe maji anawe."

Koplo Wiliam alisogeza dumu. Thobias aliruka nyuma kana kwamba amemwagiwa uji wa moto.

"Sinawi! Niko kwenye miko. Nikigusa maji, kazi ya watu kumi na nane imeharibika!"

"Kweli, afande," mzee mmoja wa wanaapolo alidakia. "Tajiri hawezi kunawa. Hata sisi hatutakubali."

"Basi asinawe," Rebeka alisema kwa upole. "Mimi ndivyo ninavyotaka. Alichokuwa nacho mwilini jana saa kumi, bado anacho."

Koplo alipitisha pamba chini ya kucha za mkono wa kulia, kisha akainua kola ya shati. Ndani ya kola, chini ya vumbi, kulikuwa na matone madogo ya rangi ya kahawia; akayapitishia pamba nyingine. Alidondoshea pamba ya kwanza kitendanishi, dawa ya kutambua damu. Ilibadilika rangi. Ya pili nayo.

"Hii ni damu, Thobias. Maabara itatuambia ya nani. Unataka tuisubiri?"

Thobias aliwatazama vijana wake, wote kumi na nane, akainamisha kichwa. "Si hapa," alisema. "Nihojini kituoni. Tafadhali, mama, si mbele yao."

Kituoni alionywa kisheria, na maelezo yake ya onyo yakaandikwa. Hayakuwa marefu.

"Nilimpigia akate lile jina. Akakubali. Jana nikaenda kuhakikisha. Akasema nitaukata jioni, ngoja kwanza usikie ulivyokuwa. Akaupiga. 'Asante Mama Kulwa, uliyeuona mwamba.' Akasimama, akanitazama."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Kumbe ni kweli, bwana! Kumbe hukuota!' Halafu akacheka."

"Ndipo?"

"Mchi ulikuwa pale. Alipoinama kuzima spika nikampiga. Kisha nikaivunja na kompyuta, jina lisitoke."

"Alishakubali kulikata, Thobias. Ulichokitaka ulikuwa umekipata."

"Alicheka," Thobias alirudia. "Wanaapolo wangejua wangekimbia duara. Lakini hata wasingekimbia... Mimi ningeitwa nani? Tajiri aliyeonyeshwa mwamba na mkewe?" Akafuta uso kwa bega, asitumie kiganja. "Mawe yangu yamesagwa?"

Rebeka aliweka kalamu chini. Alikuwa amechukua maelezo ya wauaji wengi. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

Saa kumi Limi aliachiwa. Aliomba mchi wake, akaambiwa ni kielelezo, utakaa mahakamani. Philomena alikuwa akimngoja mlangoni, watoto wake mapacha mmoja kila upande. Mkono wake mmoja ulikuwa umefumba kitu.

"Nina mchi mwingine," alimwambia Limi. "Tutarekodi na ule. Na jina uliweke lote, Philomena Mama Kulwa, wasije wakasema ni mwingine."

Kisha akaomba kumwona mumewe. Rebeka alimruhusu dakika tano, yeye mwenyewe akiwa amesimama pale.

Thobias alisimama nyuma ya nondo. "Nani kayapeleka karasha?"

"Mimi. Wanaapolo walinisaidia kubeba. Nimesimamia mwenyewe mpaka mwisho."

"Umeyagusa?"

"Nimeyagusa. Wameniuliza kama kweli nilishuka, nikawaambia kweli. Wawili wameondoka. Waliobaki wameniuliza Jumatatu tuanzie wapi."

"Na dhahabu?"

Philomena alifumbua kiganja. Kidonge cha dhahabu kilikuwa kikubwa kuliko punje ya hindi, bado kina joto. Thobias alikitazama. Kisha akarudi kwenye kona, ambapo kulikuwa na ndoo ya maji ya mahabusu, akachuchumaa, akaanza kunawa.