Msichana Aliyetoka Wazi

Picha ya nne ilikuwa na kasoro moja: ilitoka vizuri mno.

Bwana Fung, msafisha picha wa mtaa wa Sham Shui Po, aliigonga kwa kucha. "Dada Ching, kamera yako ni kitu cha kuchezea watoto. Lenzi ya plastiki, hata pua ya mtu haiitoi sawasawa. Sasa huyu nani?"

Yuk-ching alitazama. Alikuwa amempiga picha mama yake, Bi Sau-lan, akianika shuka juu ya paa, saa sita mchana, maana kamera ile bila jua kali haikuona kitu. Mama alitoka kama ukungu, pembe za picha zimeingia giza, kwa namna ileile iliyomfanya Yuk-ching aipende kamera hiyo. Lakini nyuma ya shuka alisimama msichana mwenye aproni ya kiwandani, na unywele wake mmoja mmoja ulihesabika.

"Labda jirani."

"Jirani huyo aniuzie siri yake," Bwana Fung alisema, wala hakucheka.

Filamu ya pili ilikuwa na picha kumi na mbili. Katika kila moja msichana alikuwa amesogea. Ile ya mwisho Yuk-ching aliipiga mama akipanda ngazi, mahali penye giza, akijua itatoka nyeusi tupu. Ilitoka nyeusi kweli, ila mkono mmoja ulionekana, mweupe, umeshika pale palipokuwa na bega la mama.

Alirudi nyumbani mbio. Alipofika ghorofa ya tano akasikia harufu ya plastiki inayoungua, kali, ya kukwaruza koo, na kadiri alivyopanda ndivyo ilivyozidi, mpaka akafika mlangoni kwao na kusikia kucha zikiparura geti la chuma, polepole, kutoka chini kwenda juu, na hapakuwa na mtu ngazini ila yeye, na bado geti lilitikisika mbele ya macho yake kama linavyotikiswa na mtu aliyekwisha kata tamaa ya kufunguliwa.

"Mama," alinong'ona alipoweza kuingia. "Unasikia?"

"Nasikia tangu ulete hilo dude la kamera humu ndani." Mama alikuwa ameketi, mikono magotini. Alipoonyeshwa picha hakushtuka. "Anaitwa Ngan. Tulikuwa tunaunda kamera kama hizi, kiwandani Kwun Tong, kabla hujazaliwa. Yeye alikuwa akifunga lenzi."

"Akafa?"

"Kiwanda kiliwaka. Mimi nilikuwa nyapara, ufunguo wa mlango wa nyuma nilikuwa nao mimi. Nilitoka. Nikasikia moshi unakuja, nikaufunga mlango nyuma yangu." Aliigeuza picha kifudifudi. "Nilimsikia akiita jina langu, mwanangu. Nikaendelea kushuka."

Kucha zilianza tena.

"Kuna bibi wa mchele kule Yau Ma Tei," Yuk-ching alisema. "Anaita wafu kwa bakuli la mchele, anaongea nao, anawafukuza. Nikamlete sasa hivi."

"Amfukuze?"

"Mama, anakuja kukuchukua."

"Huenda. Lakini nilishamfungia mara moja."

Bi Sau-lan alisimama. Yuk-ching alimshika mkono, akambembeleza, akalia. Mama akaubandua mkono wa binti yake kidole kimoja kimoja, akaenda mlangoni, akavuta komeo la geti.

"Ah-Ngan," alisema taratibu. "Nimechelewa. Ingia."

Harufu iliingia kwanza. Kisha hewa ya moto ikawapita usawa wa bega, na kiti cha tatu kikalia kwa uzito.

Mama alifunika uso kwa muda, akapumua, akaenda jikoni. Alipakua uji wa mchele bakuli tatu. Yuk-ching alikula macho chini, akihesabu pumzi zake, na upande wa pili wa meza akasikia kijiko kikigusa bakuli.