Kamera Iliyotazama Chini

Damu ya Swala ilikuwa haijakauka kwenye sakafu ya ukumbi Inspekta alipookota kipande cha kamba na kukiinua kwenye mwanga. Upande mmoja nyuzi zilichanika ovyo. Upande wa pili zilikatika sawasawa, kazi ya kisu. Akauma meno kwa hasira. Binti wa watu alikuwa hospitali, nyonga imevunjika, na daktari hakuthubutu kuahidi kwamba angetembea tena.

Shindano hilo la runinga lilikuwa la washindani wa zamani, waliorudishwa na kupangwa timu mbili. Kila mmoja alipanda kamba hiyo kugonga kengele juu. Wenzake walimaliza asubuhi. Swala alipanda peke yake, baada ya mapumziko ya mchana, na kamba ikamkatikia juu.

"Mhalifu tunaye," alisema mtayarishaji wa kipindi, akiweka kisu mezani. "Kilikuwa kwenye begi la Nyundo. Msimu uliopita Swala alimbwaga, na nchi nzima ilimsikia akiapa kulipiza."

"Nani amekuruhusu ukishike?" Inspekta alifoka.

Nyundo, jibaba la miraba minne, alikuwa akilia bila kujificha. "Afande, kuapa niliapa. Lakini niliambiwa niape! Bosi huyu alinirudisha mbele ya kamera mara tatu, ati sijakasirika vya kutosha. Swala ni kama dada yangu, na safari hii tuko timu moja."

"Mchana ulikuwa wapi?"

"Nakula na wenzangu. Nilitoka mara moja tu, kwenda chooni."

"Nani alikuona?"

"Chooni, afande? Nani anione huko?"

Utetezi ulikuwa dhaifu. Askari wawili walikuwa wamekwisha kumshika Nyundo mikono, Inspekta alipoagiza aonyeshwe kwanza picha zote za siku hiyo.

Katika chumba cha kuhariri, kamera ya tatu ilikuwa na kazi moja: kengele. Asubuhi nzima iliitazama kengele ikimsubiri kila mpandaji. Ilipofika zamu ya Swala, hata kamba hajaigusa, kamera hiyo ilikuwa imeelekezwa sakafuni, patupu.

"Simamisha hapo. Kengele iko wapi?"

Mpiga picha, mama mtu mzima, aligusa kisikilizio sikioni. "Niliambiwa nishushe kamera."

"Na nani?"

"Bosi. Kwenye kisikilizio."

Mtayarishaji akacheka kidogo. "Hayo mambo ya sanaa, Inspekta. Huwezi kuyaelewa."

"Nieleweshe basi! Kila anayepanda, anasubiriwa juu. Huyu peke yake ulimsubiri chini. Ulijuaje?"

Kicheko kikamfia mdomoni. Alitazama mlango, akamwona Nyundo amesimama pale na askari wake.

"Watazamaji wanatukimbia," alisema hatimaye. "Niliikata kamba nusu wakati wanakula, na alipoumia nikakitia kisu kwenye begi la Nyundo. Nilitaka aanguke kidogo tu, kamba ikatike akiwa usawa wa kichwa. Sikujua ni mwepesi kiasi kile. Ikamvumilia hadi juu."

"Usiniambie hukujua!" Inspekta alipiga meza. "Alipoupita usawa huo ulimwona, na kipaza sauti kilikuwa mdomoni mwako. Ungesema neno moja tu, shuka. Kwa nini ulinyamaza?"

Mtayarishaji aliitazama ile picha ya sakafu kwenye skrini.

"Picha ilikuwa imeshakaa vizuri," alisema.

Yule mama alivua kisikilizio chake, akakitupa sakafuni. Inspekta alimfunga mtayarishaji pingu, akazikaza mno. Jamaa alipolalamika kwamba zinamuumiza, hakuna aliyezilegeza.